Tathmini ya Garmin GNS 430W katika kazi ya kunasa radiali na barabara za anga

Mwongoza ndege anapomwambia rubani, "Shika uelekeo 025, nasa radiali 250 uifuate kuingia kituoni," anamkabidhi kazi iliyobuniwa enzi za vituo vya VOR, yaani mitambo ya redio iliyo ardhini inayotoa mistari ya mwelekeo iitwayo radiali, ambapo rubani alikuwa na sindano moja na kitufe cha kuzungusha digrii. Leo rubani huyo huyo huenda akaitekeleza kazi hiyo macho yakiwa kwenye skrini ya GPS, na hapo ndipo ninapotaka kukipima kifaa hiki. Ubora wa ramani na wingi wa kurasa vimekwisha kuelezwa vya kutosha na wengine. Swali langu ni jinsi Garmin GNS 430W inavyomsaidia rubani kuunasa mstari ambao ndege bado haiko juu yake, mstari uliotamkwa redioni na mtu mwingine, na ambao kifaa hakina habari nao mpaka kielezwe.

GNS 430 ya kwanza ilitoka mwaka 1998, ikakusanya katika kisanduku kimoja redio ya mawasiliano, kipokezi cha VOR na lokalaiza (mawimbi ya redio yanayoonyesha mstari wa kutua), na kipokezi cha GPS. Toleo lenye herufi W lilifuata baadaye, likiwa na uwezo wa kupokea masahihisho ya setilaiti ya mfumo wa WAAS na kuhuisha mahali ilipo ndege mara tano kwa sekunde. Mwaka 2011 Garmin ilitangaza GTN 650 kama mrithi wake, lakini visanduku vya 430W vingali vimejaa katika ndege ndogo, na mwanafunzi wa urubani wa kutumia vifaa bila kutegemea kuona nje ana nafasi kubwa ya kukutana nacho. Mimi nimekitumia kwa miaka kadhaa katika ndege za injini moja zinazokwenda noti 120 hivi (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi, na kila nilipoweza niliacha kipokezi cha pili cha VOR kikiwa kimewashwa ili nipate cha kulinganisha.

Nianze na kosa, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kifaa hiki kuliko kitabu chake cha maelekezo. Katika siku zangu za mwanzo nilipewa maagizo yanayofanana na yale niliyoyataja juu. Nilikuwa maili 25 za baharini kutoka kituoni, kusini ya radiali 250, kwenye radiali 235 hivi. Nikabonyeza kitufe chenye herufi D iliyopitiwa na mshale, nikachagua kituo, nikathibitisha. Sindano ikasimama katikati kwa utulivu wa kupendeza, ramani ikachora mstari wa magenta kutoka puani mwa ndege hadi kituoni, nami nikageuka kuufuata nikiamini kwamba nimekwisha kuunasa. Ukweli ni kwamba kifaa kilikuwa kimechora mstari mpya wa njia 055 kutoka pale nilipokuwa, ilhali niliagizwa kufuata njia 070 (kinyume cha 250, kwa kuwa radiali hiyo nilipaswa kuifuata kuingia kituoni), ambayo mstari wake ulikuwa bado maili sita na nusu kaskazini yangu. Kama mwongoza ndege asingeniuliza ninakwenda wapi, nisingekutana na radiali ile mpaka juu ya kituo chenyewe.

Kifaa hakikukosea hata kidogo. Nilikiomba njia ya moja kwa moja, kikanipa. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba kitufe hicho kimewekwa mahali pa wepesi mno, na kwamba sindano iliyo katikati ni ushahidi dhaifu kuliko vyote rubani anavyoweza kuutegemea, maana inathibitisha tu kwamba ndege iko juu ya mstari ambao kifaa kimeuchagua. Rubani anayetumia VOR peke yake hawezi kufanya kosa hili kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu analazimika kuzungusha digrii 070 kwa mkono wake kabla sindano haijamwambia lolote.

Dawa yake imo ndani ya kifaa hicho hicho, nayo ni kitufe cha OBS, ambacho kwangu ndicho kitu bora kuliko vyote katika 430W. Baada ya kukifanya kituo kuwa nukta inayolengwa, rubani hubonyeza OBS, kisha huweka 070 kwa kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye kionyeshi chake cha njia, na mstari wa magenta huzunguka juu ya ramani hadi upite kituoni kwa digrii alizozichagua. Kuanzia hapo GPS inatenda kama VOR: alama ya TO (kuelekea kituoni) inaonekana, sindano inakwenda hadi ukingoni upande ule ambao mstari uko, na kifaa kinaacha kuruka chenyewe kwenda nukta inayofuata. Kwa radiali ya kutoka kituoni utaratibu ni ule ule, isipokuwa digrii zinazowekwa ni za radiali yenyewe na alama inakuwa ya FROM (kutoka kituoni). Mwanafunzi aliyefundishwa VOR vizuri hana jipya la kujifunza hapa zaidi ya kubonyeza kitufe kimoja na kukumbuka kukibonyeza tena anapotaka kifaa kiendelee na mpango wa safari. Hilo la pili husahaulika sana. Nimepita juu ya nukta na kuendelea mbele maili kadhaa nikishangaa kwa nini kifaa hakinipeleki kwenye kipande kinachofuata, kumbe OBS ilikuwa bado imewaka.

Faida halisi ya GPS huonekana ndege inapokaribia mstari. Katika kurasa zake za urambazaji rubani anaweza kuchagua tarakimu atakazoonyeshwa, na ushauri wangu ni kuweka nne karibu karibu: DTK, ambayo ni njia iliyokusudiwa, TRK, ambayo ni njia ndege inayoipita hasa juu ya ardhi baada ya upepo kufanya kazi yake, BRG, mwelekeo wa kituo kutoka ndege ilipo, na XTK, umbali wa kutoka ndegeni hadi kwenye mstari. Katika mfano wetu BRG inaanza na 055 na kupanda taratibu kuelekea 070 jinsi ndege inavyosogea kaskazini. Kama inashuka, rubani anajua anaukimbia mstari, na hahitaji sindano kumwambia.

XTK ndiyo inayonifanya nikipende kifaa hiki. Ndege inayokwenda noti 120 na kugeuka digrii tatu kwa sekunde huchora duara lenye nusukipenyo cha maili 0.64 hivi. Kwa hesabu hiyo, ukiuendea mstari kwa pembe ya digrii 30, unapaswa kuanza kugeuka XTK inapokaribia 0.1, kwa pembe ya digrii 45, inapokaribia 0.2, na ukiuendea kwa pembe mraba, inapofika 0.6. Tarakimu hizi ni za hewa tulivu, na upepo wa mgongoni utakulazimisha uwahi zaidi, lakini ni rahisi kuzikariri, na kuzifuata kunakufikisha juu ya mstari bila kuupita na kurudi. Kwa VOR peke yake, ukiwa maili 30 kutoka kituoni, nukta moja ya kionyeshi chenye nukta tano kila upande ni digrii 2, yaani maili moja nzima, na maili 0.2 ni upana ambao jicho haliwezi kuuona kwenye sindano. Marubani wa zamani walijifunza kuitazama kasi ya sindano na kuanza kugeuka kwa hisia. Ninawaheshimu kwa ustadi huo, na bado naona kwamba tarakimu ni bora.

Kuna tofauti nyingine ya sindano ambayo humchanganya kila anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Sindano ya VOR hupima pembe, hivyo kufika kwake ukingoni ni digrii 10, iwe ndege iko maili 5 au maili 60 kutoka kituoni. Sindano ya GPS ya 430W, wakati wa safari ya kati, hupima umbali: ukingo ni maili 2, na ukikaribia uwanja chini ya maili 30 hupungua hadi maili 1. Toleo la awali la 430, lisilo na herufi W, lilitumia maili 5 safarini, jambo ambalo rubani anayebadilisha ndege anapaswa kuliangalia kabla ya kuinuka. Ukifanya hesabu utaona kwamba sindano hizi mbili hulingana kwa ukali maili 11 na kidogo kutoka kituoni. Mbali zaidi ya hapo ile ya GPS ndiyo kali, na karibu zaidi ile ya VOR ndiyo kali. Kwa hiyo anayenasa radiali akiwa maili 40 nje, kwa kutumia GPS, ataiona sindano ikikaa ukingoni kwa muda mrefu kuliko alivyozoea, kisha ikitoka na kukimbia kuelekea katikati. Asipoiangalia XTK mapema, sindano itampita.

Sasa digrii zenyewe. Ramani inasema 087, kifaa kinaandika 086, na rubani makini anaanza kujiuliza ni kipi kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Kituo cha VOR hupangwa kufuata kaskazini ya sumaku kama ilivyokuwa siku kilipopangwa, na uga wa sumaku wa dunia unaendelea kusogea wakati kituo kimebaki na kaskazini yake ya zamani hadi mafundi watakapokirekebisha. GPS kwa upande wake hukokotoa kila kitu kutoka kaskazini ya kweli na kuongeza tofauti ya sumaku iliyomo katika hifadhidata yake. Zaidi ya hayo, mstari mfupi kati ya vituo viwili hubadilika digrii kidogo kidogo njiani, kwa sababu dunia ni mviringo. Kati ya nukta mbili zinazojulikana, mstari wa magenta ndio wa kufuatwa, kwa kuwa nukta zote mbili ziko mahali pake ardhini na tarakimu ya digrii ni jina tu la mstari huo. Mambo hubadilika rubani anapoweka digrii kwa mkono kupitia OBS akiwa mbali na kituo chenyewe: kosa la digrii 2 ni maili 1.4 ukiwa maili 40 nje. Hapo ndipo kipokezi cha VOR kinapolipa gharama yake. Mimi huweka masafa ya kituo, husikiliza herufi zake za Morse hadi niwe na uhakika, kisha hubonyeza kitufe cha CDI ili sindano ihame kutoka GPS kwenda VLOC, yaani kipokezi cha VOR na lokalaiza, kwa muda, nione kama vyote viwili vinasimulia jambo moja. Kitufe hicho kimoja cha kuhamisha sindano ni rahisi na kizuri, ila kinadai nidhamu, kwa sababu rubani aliyesahau kukirudisha atakuwa anaamini chanzo kimoja huku sindano ikisoma kingine. Maandishi ya GPS na VLOC yamo kwenye skrini, na yanafaa kusomwa kwa sauti kila mara.

Kwa barabara za anga, OBS inawezekana lakini sipendekezi kuitumia. Barabara ya anga huunganisha nukta na nukta, na njia safi zaidi ni kuziweka nukta hizo katika mpango wa safari, kwenda kwenye nukta ya mwisho wa kipande unachotaka kukinasa, kubonyeza MENU, na kukiamilisha kipande hicho. Kifaa kinauchora mstari kutoka nukta ya nyuma hadi ya mbele, nawe unaufuata kwa pembe uliyopewa kama ulivyofanya kwa radiali. Ukiwa umeteua nukta ya mbele katika ukurasa wa mpango, kubonyeza mara mbili kitufe cha moja kwa moja hutimiza kazi hiyo hiyo. Ninaulalamikia uamuzi huo wa wabunifu: kubonyeza mara moja na kuthibitisha kunafuta mstari wa barabara, kubonyeza mara mbili kunaulinda, na tofauti ya mambo makubwa kama hayo isingepaswa kutegemea hesabu ya mibonyezo wakati ndege inatikiswa na mawingu. Mimi hutumia MENU siku zote, japo ni ndefu zaidi, kwa sababu maneno yanayotokea kwenye skrini yananiambia ninachokwenda kukifanya.

Upungufu mkubwa wa 430W katika eneo hili ni kwamba haizijui barabara za anga kwa majina yake. Ukipewa barabara yenye jina la V na namba, huwezi kuandika jina hilo na kuchagua mahali pa kuingilia na pa kutokea. Unalazimika kuisoma ramani na kuingiza kila nukta ambayo barabara inapinda, na hatari iko hapo hapo, kwa kuwa baadhi ya barabara hazipindi juu ya kituo cha VOR, zinapinda katikati, kwenye makutano ya radiali mbili. Ukiingiza vituo viwili tu na kuiacha nukta ya kona, mstari wa magenta utakata kona, na kifaa hakitakuonya. Huko Marekani barabara hizi zinahesabiwa kuwa na upana wa maili 4 kila upande wa mstari wa katikati, na vimo vya usalama vinakokotolewa ndani ya upana huo pamoja na kingo zake. Kona iliyokatwa karibu na mlima si suala la kuchora ramani vizuri au vibaya. Kifaa cha GNS 480, ambacho ni cha enzi zile zile, kilikuwa na uwezo wa kupakia barabara nzima, na kila nilipolazimika kuingiza nukta saba kwa kuzungusha herufi moja moja nilijua kwamba jambo hilo liliwezekana tangu zamani.

Kwenye kona zenyewe kifaa kinafanya vizuri sana. Kabla ya kufika, kinamuonyesha rubani njia inayofuata na kumwambia wakati wa kugeuka, hivyo ndege inapita ndani kidogo ya kona na kuangukia juu ya kipande kipya. Kwa VOR ungepita juu ya kituo, ungengoja alama igeuke, ungezungusha digrii mpya, na kuanza kuunasa mstari upya kutoka nje.

Umbali nao unataka tahadhari moja. Kipimo cha DME, kifaa cha redio cha kupima umbali, hupima umbali wa mshazari kutoka ndegeni hadi kituoni, na GPS hupima umbali juu ya ardhi. Ukiwa futi 12,000 juu ya kituo, DME itasoma maili 2 na GPS itasoma sifuri. Ukiwa mbali tofauti hiyo ni ndogo na haina madhara.

Kuhusu kupelekwa na mwongoza ndege hadi mstari wa mwisho wa kutua, 430W ina chaguo linalourefusha mstari huo nje ya nukta ya mwisho na kuziondoa nukta zilizotangulia. Ni rahisi kulichagua mapema mno. Mwongoza ndege akibadili mawazo na kukuagiza uende kwenye nukta ya nje, utaikuta haipo tena kwenye mpango, nawe utalazimika kuupakia utaratibu wa kutua upya katika dakika zenye kazi nyingi kuliko zote. Mimi hupakia utaratibu wote, kisha huamilisha kipande cha mwisho kwa mkono, ambayo ni kazi ile ile ya kunasa barabara ya anga. Na inapofika lokalaiza, sindano lazima iwe VLOC, kwani GPS haichukui nafasi yake katika kutua.

Anayefikiria kifaa kingine kwa kazi hii hii ana nafasi ya kuchagua. GTN 650 inapakia barabara za anga kwa majina, na kwa hilo peke yake ningeipendekeza kwa anayeruka mara nyingi kwenye mawingu. IFD440 ya Avidyne ilitengenezwa iingie katika nafasi ile ile ya 430, nayo inazijua barabara. GPS 175 ni ndogo na nzuri, lakini haina kipokezi cha VOR ndani yake, kwa hiyo ulinganisho nilioueleza utahitaji redio nyingine.

Anayenunua ndege iliyotumika yenye 430W aangalie jambo moja kabla ya kuangalia rangi ya bodi. Karakana moja iliwahi kutukabidhi ndege ambayo kitufe cha kuzungusha njia kwenye kionyeshi hakikuwa kimeunganishwa ipasavyo na kifaa, nasi tuligundua tukiwa tumekwisha kuagizwa kunasa radiali. Jaribio lake ni la dakika mbili, ndege ikiwa imeegeshwa: chagua kituo chochote, bonyeza OBS, zungusha kitufe duara zima polepole, na uangalie kama DTK kwenye skrini inafuata digrii za kionyeshi na kama mstari wa magenta unazunguka nazo. Ukitumia kionyeshi cha HSI cha mitambo (dira na sindano ya njia katika uso mmoja), kumbuka pia kwamba mshale wake haujipangi wenyewe kipande kinapobadilika, na unapaswa kuuzungusha kwa mkono hadi ulingane na DTK. Kisha soma tarehe ya hifadhidata, ambayo huhuishwa kila siku 28, na urudie jaribio kwa upande wa VLOC ukiwa umeweka masafa ya kituo kilicho karibu.